Tapeti Hazitakiwi Kunyamaza

Mwendeshaji wa bodaboda anapomfikia fundi, kitu cha kwanza kulalamikia ni sauti. "Fundi, tapeti zapiga kelele, hebu niangalilie." Hasemi pikipiki haivuti, hasemi yanywa mafuta. Ataka ule mlio wa tik-tik-tik juu ya injini uondoke, basi. Na kumridhisha ni rahisi mno. Zile skrubu mbili za tapeti ukizikaza robo mzunguko tu, mwanya wote umekwisha, injini imenyamaza, na mteja atalipa kisha aende kumsifu fundi kwa wenzake stejini. Kwa sababu hiyo mafundi wa pikipiki wa Likoni, Kisauni na Changamwe mimi huwapima kwa jambo moja: yupi kati yao anathubutu kumrudishia mtu pikipiki yake ikiwa bado yalia kidogo.

Kinachotafutwa mle ndani ni nafasi isiyoonekana kwa macho. Boxer, sawa na nyingi ya pikipiki zinazobeba watu hapa pwani, ina silinda moja na valvu mbili: moja ya kuingiza hewa na petroli, ya pili ya kutoa moshi kwenda kwenye ekzosi. Kamshafti ikizunguka huisukuma roka, nayo roka hukanyaga mkia wa valvu, valvu ikafunguka. Roka ikiachia, springi huirudisha valvu kitini. Kati ya ncha ya skrubu iliyo kwenye roka na mkia wa valvu lazima pabaki mwanya, kwani chuma kikipata moto hurefuka, na valvu isiyo na pa kurefukia hubaki wazi hata pale inapotakiwa kufunga. Kwa injini za ukubwa huu vitabu hutaja namba kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita, mara nyingi ile ya ekzosi ikipewa nafasi zaidi. Ni unene wa unywele.

Inayoteseka zaidi ni hiyo ya ekzosi. Mwenziwe hupozwa na hewa mbichi inayopita kila mara, lakini yenyewe hupitiwa na moto mtupu. Njia yake kuu ya kupoa ni kukaa kitini: joto hupita kutoka ukingo wa valvu hadi kwenye kiti, likaingia kwenye hedi, kisha mapezi ya hedi yakalitoa nje kwenye upepo. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, valvu hiyo hufunguka na kufunga mara 50 kila sekunde. Ukiikaza tapeti hadi mwanya uishe, injini ikishapata moto valvu haikai sawasawa, mwako hupenya pembeni, na ukingo wake huliwa kidogo kidogo. Muda wote huo hakuna kelele. Mwendeshaji ataona tu kwamba kiki imekuwa laini, kwamba asubuhi pikipiki yawaka kwa taabu, na kwamba akishuka feri na abiria wawili ule mwinuko wa Likoni aliouzoea sasa waishinda. Hedi ikifunguliwa, gharama si ya kuzungusha skrubu tena.

Hata asipoigusa mtu, mwanya wa valvu hubadilika wenyewe, na wabadilika kwa njia mbili zinazoshindana. Ncha ya skrubu na uso wa roka hulika, mwanya ukaongezeka na mlio ukapanda. Wakati huohuo valvu, kwa kugongwa kitini mamilioni ya mara, huzama ndani kidogo, mkia wake ukasogea karibu na roka, mwanya ukapungua na mlio ukashuka. Pikipiki ya kwanza imeshasema shida yake. Ya pili haijasema, wala haitasema. Yule kijana anayejisifu kwamba Boxer yake haijatoa mlio hata mdogo tangu ainunue, ndiye ningemhimiza aende kwa fundi kesho.

Kesho asubuhi, lakini. Vitabu vya Honda huagiza tapeti zipimwe injini ikiwa baridi, chini ya nyuzi 35. Aliyeandika hivyo hakuwa akiiwaza Mombasa ya mwezi wa Machi. Pikipiki iliyoegeshwa juani saa saba mchana chuma chake kimepita hapo bila hata kuwashwa, na iliyotoka kwenye msongamano wa kivukoni ndiyo usiseme. Basi fundi anayejali huitaka pikipiki ilale kwake, aifungue baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaupata ukuta. Hapo ndipo mabishano yanapoanza, maana pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Kuna hesabu ya tajiri kila jioni, na usiku mmoja bila pikipiki ni abiria wa usiku waliokwenda na mwengine. Fundi laini hukubali kuifanya adhuhuri.

Kwenye njia ya Mtongwe, chini ya mwarobaini, niliketi asubuhi moja nikimtazama fundi wa aina ile nyingine akimfundisha mpwa wake. Kijana alikuwa ameshafungua vifuniko viwili vya tapeti na kuitoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Upande wa kushoto alikuwa ameng'oa vizibo viwili vya kava ya magneti: kikubwa cha katikati, mahali pa kutia soketi na kuzungusha kranki, na kidogo cha juu, pa kuchungulia alama. Alama yenyewe ni herufi T. Ikilingana na mkato wa kava, pistoni iko juu kabisa. Kijana akaileta T mahali pake kwa makini ya kusifika, akachukua jani la fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, akalipitisha chini ya roka. Halikuingia. Akanyoosha mkono kushika spana.

"Ngoja kwanza," mjomba akasema. "Hebu itikise hiyo roka."

"Haitikisiki, mjomba."

"Na ya pili?"

"Nayo hivyohivyo."

"Basi hiyo si T yako. Zungusha tena."

Kranki huzunguka mara mbili ili kamshafti izunguke mara moja. Kwa hivyo ile T hupita kidirishani mara mbili: mara moja valvu zote zikiwa zimefunga na hewa imebanwa, mara nyingine ekzosi ikimalizia kufunga huku ya kuingiza imeshaanza kufunguka. Herufi ni ileile. Mwanafunzi akiseti tapeti kwenye T ya pili, roka zimekazwa na kamshafti, hivyo atalegeza mpaka fila iingie, afunge vifuniko kwa furaha, na injini ikiwaka italia hadi majirani watoke nje. Kitabu hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja. Fundi alilieleza kwa kidole gumba: akamwambia kijana azibe tundu la plagi, azungushe taratibu, na hewa itakapomsukuma kidole, T inayofuata ndiyo. Ilipofika, roka zote mbili zilicheza kwa kidole, kwa mlio mdogo mno ambao nisingeusikia lau kulikuwa na matatu inapita.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Jani la 0.05 ni jembamba hata hujikunja ukilisukuma vibaya, na likishajikunja litakudanganya: litakwama kwa mkunjo wake, nawe udhani limekwama kwa mwanya. Lazima liwe safi, lipakwe oili, liingie limenyooka. Linalosikilizwa ni ukinzani, si kuingia. "Usilisukume, livute," fundi alikuwa akirudia. "Wasikia livyokushika?" Kijana akasema asikia, ila uso wake ulikuwa wasema vingine. Hapo mjomba akafanya jambo lililonipendeza kuliko yote ya asubuhi ile. Aliikaza skrubu kupita kiasi makusudi, akamwambia avute. Akailegeza kupita kiasi, akamwambia avute. Halafu akaiseti sawa, akampa tena, na mara hii akamtaka afumbe macho. Baadaye alimpa jani linalofuata kwa unene, na hilo likakataa kuingia. Kipimo sahihi kiko hapo katikati, baina ya jani linalokubali kwa kinyongo na jani linalokataa.

Ungedhani kazi imekwisha. Bado nati. Skrubu ya tapeti ina kichwa kidogo cha mraba, na juu yake yafungwa nati ya kuizuia isicheze. Nati hiyo ina tabia mbaya. Ukiikaza bila kuishika skrubu, huizungusha pamoja nayo na mwanya ukapungua. Ukiishika skrubu imara, nati huivuta juu kwenye nyuzi zake na mwanya ukaongezeka kidogo. Kijana aliseti vizuri, akakaza, akapima, fila ikagoma kutoka. Akafungua, akaanza upya. Mara hii ikawa legevu. Fundi hakumsaidia. Alikuwa akinywa kahawa. Nadhani alijua kwamba sehemu hii haisemeki: mkono wa kushoto washika kichwa cha skrubu kwa ufunguo mdogo, wa kulia wazungusha spana, jani la fila liko palepale chini ya roka, na mikono miwili lazima ifike mwisho kwa wakati mmoja. Kukaza kwa nguvu nako ni kosa, nati ni ndogo, nyuzi zake huchanika. Kijana alipopata, hakuambiwa hongera. Aliambiwa azungushe kranki mara mbili hadi T yake irudi, apime tena.

Si kila mtu ana fila, na hewa yetu ya chumvi haizipendi: jani la 0.05 likishika kutu si 0.05 tena. Mzee huyu yake hukaa kwenye kitambaa kilicholowa oili ndani ya mkebe. Wapo mafundi wanaotumia wembe wa pande mbili, na wasidharauliwe, kwa kuwa unene wa wembe ule ni karibu 0.10 ya milimita, kipimo kizuri kwa ekzosi ya injini nyingi. Tatizo ni pale wembe uleule unapotumiwa kwa valvu ya kuingiza iliyoandikiwa nusu yake. Mazoea ya kuziseti zote mbili sawa nadhani yalitoka kwenye pikipiki za Kichina zilizomiminika nchini baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Nyingi zilinakili injini ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kusahauliwa oili. Injini hiyo huinua valvu kwa vijiti badala ya kamshafti ya juu, na kitabu chake chataka 0.08 kwa valvu zote mbili. Ni injini yenye subira kubwa. Kwa maoni yangu iliwaharibu mafundi wengi kwa kuwasamehe.

Mwenye Boxer alifika jua likiwa limeanza kuuma. Akapiga kiki, akaitegea sikio injini, uso ukamkunjika.

"Fundi, mbona sasa yalia?"

"Yalia kidogo. Jana ilikuwa hailii?"

"Jana ilikuwa kimya kabisa. Mimi niliileta kwa sababu ya nguvu."

"Basi panda nayo pale juu urudi."

Alirudi akiwa hazungumzii sauti tena, sasa alikuwa akizungumzia bei. Na hoja yake si ya kipuuzi: hakuna kilichonunuliwa, hakuna kipuri kikuukuu cha kuonyeshwa kwamba kimetolewa, na hata oili ni ileile. Fundi wa karabureta angalau hukuonyesha uchafu alioutoa. Huyu alikuwa na jani la chuma la kuonyesha na mwanya usioonekana, akamwonyesha vyote viwili, akampa alivute mwenyewe. Walikatiana bei kidogo. Fundi akamwambia kwamba kwa anayepiga kilomita 100 kwa siku, kilomita 3,000 ni mwezi mmoja tu, aipitishe tena mwezi ujao, na ailaze. Kijana alikuwa ameshaanza kufungua vifuniko vya pikipiki ya pili.