"Mano Po": Mkono Uombwao na Mkono Utolewao

Senema iitwayo Mano Po, iliyoongozwa na Joel Lamangan na kuandikwa na Roy Iglesias, ilionyeshwa Manila katika tamasha la senema la Desemba 2002, na humo ikapewa tuzo ya senema bora. Yaeleza habari za ukoo wa Go, Wafilipino wa nasaba ya Kichina, na hasa za ndugu watatu wa kike, Vera, Juliet na Richelle, waliokulia Ufilipino chini ya desturi za wazee wao. Ilipendwa hata ikafuatwa na nyingine sita zenye jina hilo hilo, ya saba ikitoka mwaka 2016. Kazi iliyorudiwa mara saba yastahili kupimwa, na mahali pafaapo kuanzia ni jina lake.

Mano ni neno la Kihispania, maana yake mkono. Po ni kijineno cha Kitagalog kionyeshacho adabu. Mtoto wa Kifilipino akutanapo na mzee husema "mano po", huupokea mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka shikamoo mara moja. Tofauti ni kwamba shikamoo hujibiwa kwa neno, marahaba, na mano hujibiwa kwa tendo: mzee hutoa mkono, au hautoi.

Katika jina hilo hamna neno hata moja la Kichina. Yaweza kudhaniwa kuwa huo ni upungufu. Kwa hakika ndiyo hoja kubwa ya senema nzima. Ukoo wa Go waomba baraka kwa maneno ya nchi waliyozaliwa. Swali lililobaki ni kama mkono utatolewa, na swali hilo waelekezwa wazee wa aina mbili: wale wa nyumbani, wanaotaka damu ya Kichina isichanganyike, na nchi yenyewe.

Nchi hiyo haikuwa nyepesi kuutoa mkono. Tangu mwaka 1741 utawala wa Kihispania uliwagawa watu kwa ajili ya kodi, na machotara wa Kichina wakawa kundi la peke yao, mbali na wenyeji na mbali na Wachina. Katiba ya mwaka 1935 ilimtaka mtoto wa mama Mfilipino na baba mgeni angojee utu uzima, kisha achague uraia wa mama yake. Mwaka 1954 sheria iliwafungia wasio raia biashara ya rejareja, iliyokuwa riziki ya nyumba nyingi za Kichina. Sharti la kuchagua liliondolewa na Katiba ya mwaka 1973, na mwaka 1975 Rais Marcos alitoa amri iliyowarahisishia wageni wakaazi kupata uraia. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya watoto vililelewa katika fikra kwamba mtu wa asili mbili ni mtu ambaye hajaamua bado.

Kosa la senema hii ni kuikubali fikra hiyo bila kuihoji. Nasaba mbili zawekwa kama vitanga viwili vya mizani, kimoja kipande ili kingine kishuke, na mambo makubwa kama mali, ndoa na utekaji wa watu yaletwa ili kuutikisa mzani. Utoto wenyewe haupewi nafasi ya kutosha. Mtazamaji awaona watu wazima waliokwisha kujeruhiwa, asione palipoanzia jeraha. Waswahili husema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ndiyo yaliyorukwa hapa.

Lau mtungaji angaliisikiliza zaidi lugha ya watoto, angalipata hadithi nyingine. Katika nyumba za Wafilipino wenye asili ya Kichina, wengi wao wa lahaja ya Kihokkien, dada mkubwa huitwa achi na kaka mkubwa ahia. Jirani Mtagalog husema ate na kuya, akidhani ni maneno ya kwao tangu zamani. Nayo yalitoka katika Kihokkien. Hata diko na sangko, kaka wa pili na kaka wa tatu, yamebeba hesabu ya Kichina ndani yake. Watoto wawili wanaoambiwa kuwa ni wa mataifa mawili wawaita ndugu zao kwa maneno ya shina moja. Tena kuna ama: kwa Kitagalog ni baba, na kwa Kihokkien ni nyanya. Mtoto wa nyumba mbili hajifunzi kuchagua moja ya maana hizo. Ajifunza kutambua yuko mbele ya nani.

Yaweza kujibiwa kwamba maneno ya kukopa hayathibitishi upendo. Ni kweli. Neno intsik, ambalo wataalamu wengi hulitoa katika maneno ya Kihokkien yenye maana ya mjomba au ami wa watu fulani, liligeuka kuwa tusi midomoni mwa wengi. Na Wahokkien nao wana huana, neno la kumdharau mwenyeji. Lugha yashuhudia kwamba watu walikaa pamoja, wala haishuhudii kwamba walipendana. Lakini ushahidi huo watosha kubatilisha dai kwamba mchanganyiko ni jambo geni linalongojea hukumu. Jina Tsinoy, lililoenezwa na chama cha Kaisa kilichoanzishwa mwaka 1987, laifuata kanuni hiyo: Tsino na Pinoy vimeunganishwa kuwa neno moja, wala hapana kiungo katikati.

Basi Mano Po ni senema iliyozidiwa na jina lake. Hadithi yawauliza mabinti wa Go wao ni akina nani, kana kwamba jibu limefichwa ndani yao. Jina lajua zaidi: mtoto amekwisha kusema neno lake na kuinamisha kichwa, na aliyebaki kujibu ni mzee.