Kuchonga, Kufua au Kusubu?

Katika tafsiri kadhaa tulizosoma, sanamu za Shiva za Kusini mwa India, za enzi ya wafalme wa Chola (karne ya 9 hadi ya 13), husemwa "zilichongwa kwa shaba". Usemi huo hatukubaliani nao.

Mwanafunzi wa Tarime huenda ameona vinyago vya mawe laini vya Tabaka, Kisii, ng'ambo ya mpaka: hivyo huchongwa. Mwenzake wa Serengeti huenda amemwona mhunzi akifua jembe. Fundi wa Kitamil hufanya jambo la tatu. Hulifinyanga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, kisha huuchoma hata nta ikayeyuka na kutoka. Mahali pake humimina shaba iliyochanganywa na madini mengine. Kalibu huvunjwa, na kwa hiyo kila sanamu haina pacha. Patasi hufuata mwishoni, kwa kutia nakshi tu.

Kazi hiyo ni kusubu. Mwalimu akifundisha "kuchonga", mwanafunzi hataelewa kwa nini kalibu ilivunjwa, wala upekee wa sanamu hautamgusa. Neno limo katika kamusi zetu. Tunawashauri wafasiri walitumie.