Chomeka Bambo Katikati: Kupima Hadithi ya Kijana

Mnunuzi wa mahindi Songea hadanganyiki na mdomo wa gunia. Huchomeka bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, katikati, akachota punje, akaing'ata. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, ingali mbichi. Hadithi na tafakuri za vijana wetu nazipima vivyo hivyo.

Mdomo wa gunia. Vijana wengi hurundika methali na tamathali mwanzoni: jua lachomoza kwa madaha, ndege waimba. Funika aya hiyo kwa kiganja, uanzie ya pili. Hadithi isipopungukiwa na kitu, lile lilikuwa pambo tu.

Katikati. Hapa ndipo pa kung'ata. Chukua Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906, ambaye mji wa Songea unaitwa kwa jina lake. Kazi hafifu itasema mashujaa walipigana kwa ujasiri. Hilo angeliandika hata asiyewahi kukanyaga mkoa wetu wa Ruvuma. Kazi bora itatupeleka Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, tumwone bibi akivua kandambili kabla ya kulikaribia kaburi la pamoja, na mjukuu akisita, kisha akivua zake. Tafuta jambo la namna hiyo, lililoonwa na jicho la mwandishi mwenyewe.

Halafu soma mazungumzo kwa sauti. Mama muuza dagaa wa mtaa wa Lizaboni asiongee kama msoma taarifa ya habari. Makosa ya tahajia yasikukatishe tamaa: hayo kalamu nyekundu huyamaliza. Kutoona ndiko kusikosahihishika kwa kalamu.

Katika tafakuri, angalia kama wazo limesafiri. Aliyeanza na hukumu akaishia na ileile hajatafakari, ametangaza.

Chini ya gunia. Ukikuta "hadithi hii inatufundisha kwamba…", rudi nyuma. Kama tukio lilionyeshwa vema, funzo tumekwisha kulipata. Kama halikuonyeshwa, sentensi hiyo haitaliokoa.

Tangu 2022 Tanzania tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Lakini mwamuzi wa kwanza wa kijana ni mwalimu wake, au shangazi aliyepewa daftari asome. Siku ukipewa wewe, usilirudishe kwa neno "nzuri" peke yake. Mwonyeshe mwanao punje iliyolia, umwambie: za namna hii, niletee gunia zima.