Maana ya "Salama" katika Uoshaji wa Tumbo kwa Tibakemikali Moto: Uhakiki wa Majaribio Matatu ya Ulaya

Neno "salama" hutumiwa kwa wepesi mno katika maandishi yanayohusu uoshaji wa tumbo kwa tibakemikali iliyopashwa moto. Katika tiba hii, daktari mpasuaji huondoa kwanza uvimbe wote unaoonekana kwenye utando wa tumbo. Kisha, mgonjwa akiwa bado katika usingizi wa dawa, kimiminika chenye dawa na joto la nyuzi 40 hadi 43 huzungushwa tumboni kwa dakika 30 hadi 90. Dawa hupenya milimita chache tu ndani ya tishu, ndiyo maana kisu hutangulia. Kwa mpangilio huo, madhara ya kisu na madhara ya dawa humfika mgonjwa kwa pamoja. Utumbo uliounganishwa ukivuja siku chache baadaye, hakuna kipimo cha maabara kitakachoonyesha ni kipi kati ya viwili hivyo kilichosababisha. Ni ulinganisho wa makundi pekee unaoweza kuvitenganisha, na ulinganisho huo, kwa maoni yetu, umesomwa kwa pupa.

Jaribio la Uholanzi lililochapishwa na Verwaal na wenzake mwaka 2003 ndilo lililoipa tiba hii heshima yake. Kati ya wagonjwa 105 wenye saratani ya utumbo mpana iliyoenea tumboni, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 22.3 kwa waliopasuliwa na kuoshwa, na miezi 12.6 kwa kundi la ulinganisho. Vifo vilivyotokana na tiba vilifikia asilimia 8. Hata hivyo, kundi la ulinganisho lilipewa tibakemikali ya mwili mzima, na upasuaji wa kupunguza tu adha pale ulipohitajika. Basi asilimia 8 hiyo haiwezi kuwa hatia ya uoshaji, kama vile miezi iliyoongezeka isivyoweza kuwa sifa yake. Kuhusu usalama wa uoshaji wenyewe, jaribio hili halisemi kitu.

Jaribio la Ufaransa, PRODIGE 7, lililochapishwa mwaka 2021, lilirekebisha kasoro hiyo. Wagonjwa wote 265 walipasuliwa. Nusu yao wakaoshwa kwa okisaliplatini kwa dakika 30 katika joto la nyuzi 43. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 41.7 kwa waliooshwa na 41.2 kwa wasiooshwa. Vifo vya siku 30 vilikuwa viwili kila upande, jambo la kutia moyo. Madhara makubwa, yaani ya daraja la 3 na kuendelea, yaliripotiwa hivi: hadi siku ya 30, asilimia 42 dhidi ya 32, thamani ya p ikiwa 0.083; katika hesabu ya siku 60, asilimia 26 dhidi ya 15, thamani ya p ikiwa 0.035. Hesabu ya kwanza iliitwa ya kufanana, ya pili ya kutofautiana. Kutoka hapo ni rahisi kuhitimisha kwamba madhara ya uoshaji huchelewa kujitokeza. Lakini tuzitoe namba hizo: tofauti ya kwanza ni pointi 10, ya pili ni 11. Pengo ni lilelile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni upande wa mstari wa 0.05 ambao namba iliangukia. Isitoshe, idadi ya wagonjwa ilikokotolewa ili kupima muda wa kuishi, si madhara. Kundi dogo likishindwa kuthibitisha tofauti, halijathibitisha usawa. Watu kumi zaidi katika kila mia si "kufanana", hasa pale ambapo hakuna miezi iliyoongezeka ya kuwafidia.

Swali linakuwa gumu zaidi pale tiba inapoleta faida. Katika jaribio la OVHIPEC la Uholanzi na Ubelgiji (2018), wanawake 245 wenye saratani ya ovari ya hatua ya tatu walipasuliwa. Waliooshwa kwa sisiplatini katika nyuzi 40, huku figo zikikingwa kwa thiosulfati ya sodiamu, walikuwa na muda wa kati wa kuishi wa miezi 45.7 dhidi ya 33.9. Madhara ya daraja la 3 na 4 yalikuwa asilimia 27 dhidi ya 25. Hapa usawa unaonekana wa kweli. Lakini miongoni mwa waliokatwa sehemu ya utumbo, 21 kati ya 29 waliooshwa waliachiwa tundu la kutolea choo tumboni. Kwa wasiooshwa ni 13 kati ya 30. Kura ya kugawa makundi ilipigwa wakati wa operesheni, kwa hiyo mpasuaji aliweza kujua ni nani atakayeoshwa kabla ya kuamua kuunganisha utumbo au kuutoa nje. Yamkini aliogopa uvujaji, na hofu hiyo ilikuwa na busara. Tundu la tahadhari huhesabiwa kuwa hatua ya upasuaji, wala si dhara, ingawa mwanamke hurudi nyumbani na mfuko ubavuni, na kulifunga, iwapo litafungwa, huhitaji operesheni nyingine.