Picha za Mgongo wa Baba

Siku hizi kuna mahubiri yamejaa mitandaoni: acheni kununua vitu, tengenezeni kumbukumbu na familia. Chini yake utakuta picha ya baba, mama na watoto waliovalishwa sare, wako Serengeti au ufukweni Nungwi, pamoja na bei ya safari. Yaani kumbukumbu nayo imekuwa bidhaa. Ndiyo maana nawasumbua watu waitafute Like Father, Like Son, filamu ya Mjapani Hirokazu Kore-eda iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes mwaka 2013. Inazungumzia jambo hilohilo, ila haikuuzii safari.

Ryota ni msanifu majengo wa Tokyo. Kazi nzuri, gari zuri, nyumba ya ghorofani nadhifu kama hoteli. Mwanawe Keita ana miaka 6 na anajifunza piano. Halafu hospitali inapiga simu: mtoto alibadilishwa alipozaliwa. Wa damu yake ni Ryusei, anayelelewa nje ya jiji na Yudai, mwenye kaduka ka vifaa vya umeme. Familia hizo mbili zinaanza kubadilishana watoto, kwanza wikiendi, baadaye moja kwa moja.

Ukiangalia haraka utasema ni hadithi ya tajiri mbaya na maskini mwema. Si hivyo. Yudai anapenda hela! Anaulizia fidia ya hospitali, na familia zikila mgahawani anadai risiti ili hospitali ilipe. Mimi nilimpenda kwa hilo. Lakini roboti ya kuchezea ikiharibika, anayeitengeneza ni yeye, na jioni anajibana na watoto kwenye hodhi moja la kuogea, maji yanamwagika kila upande. Ryusei akihamia kwa Ryota anapewa karatasi ya sheria. Mojawapo: kuoga peke yako.

Ryota anajitetea kwamba kazini kwake hakuna wa kushika nafasi yake. Yudai anamjibu kwamba hata ubaba ni hivyohivyo. Hapo nilibisha kidogo. Duka la Yudai liko nyumbani kwake! Baba anayetoka Mbagala saa 11 alfajiri kugombania daladala, akarudi saa 4 usiku wanawe wameshalala, hajachagua mali akawaacha watoto, anatafuta ada. Filamu haina mtu kama huyo, na pengo hilo linaonekana.

Inachotupa badala yake ni muuguzi, na kwangu huyo ndiye moyo wa filamu. Mahakamani anakiri kwamba aliwabadilisha watoto kwa makusudi. Aliwaona akina Ryota wako kwenye chumba cha bei kubwa, wana furaha, wakati yeye anahangaika na watoto wa kambo wasiomzoea. Wivu tu. Baadaye Ryota anamfuata hadi kwake kumrudishia bahasha ya pesa na kumsema. Mara anatoka kijana wa kambo, anasimama katikati yao. Ryota anamwambia hayamhusu. Yanamhusu, anajibu, huyu ni mama yangu. Ryota anamgusa begani, anaondoka. Mwanamke aliyeharibu nyumba mbili kwa kutamani vya wengine alikuwa na mtoto wa kumkingia kifua mlangoni, na mtoto huyo hakumzaa wala hakumnunua. Ni miaka tu ya kukaa pamoja.

Ryota naye anajaribu. Anacheza vita vya bunduki za bandia, anasimamisha hema ndani ya nyumba. Wanacheka kweli. Kisha Ryusei anaomba dua kwa nyota: arudi kwa baba na mama yake. Hema halikuwa na kosa. Miaka 6 haiingii humo, basi.

Halafu ile kamera. Walipokuwa wanaagana, Ryota alitaka kumpa Keita iwe yake, mtoto akakataa. Siku nyingine anapekua picha na kujikuta yeye mwenyewe, amepigwa na Keita bila kujua: amelala, nyayo zake, mgongo wake. Mwanzoni niliona mwongozaji anatubana machozi. Lakini hebu fikiria, Keita angempiga picha vipi? Baba wa kumpiga picha alikuwa ndiye huyo, aliyelala au aliyegeuka.

Lawama yangu kubwa ni kuhusu akina mama. Majibu ya vipimo yalipotoka, Ryota alitamka kwamba sasa ameelewa, akimaanisha kwa nini mtoto hakuwa hodari kama yeye, na Midori, mkewe, hakumsamehe neno hilo. Midori ndiye aliyeshinda na Keita siku zote, lakini kamera inatafuta baba tu. Kuna mahali anakiri kwamba ameanza kumpenda Ryusei, na anahisi anamsaliti Keita. Anasema, analia, kisha filamu inarudi kwa Ryota. Mimi ningekaa saa mbili nzima nimsikilize yeye.