Mzigo Wenye Magurudumu

Mwaka 1953, Safari ya kwanza ya magari ilipoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, madereva walijitokeza na magari ya kawaida, yale yale yaliyouzwa madukani. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lililomfikisha mtu kwenye mstari wa kuanzia ndilo aliloshindania, na likibaki zima ndilo lililomrudisha nyumbani. Swali la kulibeba gari halikuwa na maana, kwa kuwa gari lilijibeba lenyewe.

Gari la mashindano la leo ni kitu kingine. Gari la daraja la Rally2 halipaswi kupungua kilo 1,230, na ndani ya kilo hizo mna kizimba cha mabomba ya chuma, giaboksi yenye meno makali na shokapu ndefu ambazo bei yake ingenunua gari la familia. Vifaa hivyo umri wake huhesabiwa kwa kilomita. Kila kilomita inayotumika kwenye lami kati ya gereji ya Nairobi na mashindano ya Naivasha ni kilomita iliyotolewa kwenye akiba ya mashindano. Ndiyo maana gari hilo husafiri likiwa limebebwa, na ndiyo maana kila timu, kubwa kwa ndogo, hufika mahali pa kuchagua: lori au tela?

Wakati wa Safari Rally watu hukimbilia Kedong, Soysambu na Hell's Gate kuona vumbi likitimka. Mimi huvutwa zaidi na saa za kabla ya hapo, mafundi wanaposhusha magari. Kazi hiyo ina ustadi wake, na haina jukwaa wala kombe.

Ugumu wake wote unatokana na jambo moja. Mifuko ya saruji ukishaipanga imelala. Gari lina magurudumu, na juu ya magurudumu lina springi, kwa hiyo ni mzigo unaotaka kwenda mbele, kurudi nyuma, kuzama na kuinuka, yote kwa wakati mmoja. Anayelibeba hana budi kulinyima mwendo bila kuliumiza.

Tuanze na tela, kwa sababu ndilo linaloonekana rahisi. Sakafu yake iko chini, karibu na barabara. Vyuma viwili vya kupandishia vinatosha, na watu wawili wanaoelewana hulipandisha gari bila jasho. Ukifika, unafungua tela, unaliacha chini ya mti, na pikapu iliyolivuta inakuwa huru kuwafuata mafundi na kubeba matairi na mafuta. Kwa timu ndogo faida hiyo ni kubwa mno: chombo kimoja kinafanya kazi mbili.

Lakini tela linadai hesabu. Kanuni ya wanaolijua ni kwamba sehemu ya uzito, kuanzia asilimia 10 hadi 15, iegemee kwenye ndoano ya pikapu. Chukua tela la kilo 700 na gari la kilo 1,230. Jumla ni kilo 1,930, kwa hiyo kilo 190 na zaidi zinapaswa kukaa mbele. Pikapu nyingi za siku hizi zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kwa tela lenye breki zake, kwa hiyo nguvu za kuvuta zipo. Linalosumbua ni mahali uzito unapokaa. Nahodha wa jahazi anapopakia hatazami wingi wa shehena tu, hutazama pia kiasi gani kimelala omo na kiasi gani tezi, kwani chombo kilichokosewa mizani hakitii usukani hata bahari ikiwa shwari. Tela lililoelemewa nyuma huanza kupunga mkia. Mara ya kwanza ni kidogo, dereva anadhani ni upepo wa basi lililompita. Mwendo ukiongezeka, mpungo nao unakua, na kila mpungo unaupa nguvu unaofuata, hadi nyuma ya pikapu yenyewe inayumbishwa.

Hapo ndipo anayejua hutengana na asiyejua. Asiyejua hukanyaga breki kwa hofu, au huzungusha usukani kuufukuza mkia. Anayejua huondoa mguu kwenye mafuta, hushika usukani bila kuuchezesha, na kama tela lina breki za umeme zinazoongozwa kutoka kwenye kabini, huzigusa hizo peke yake ili tela livute kwa nyuma na kujinyoosha.

Bora zaidi ni kutofika hapo, na namna mafundi wanavyozuia hali hiyo ndiyo inayonipendeza kuliko yote. Wasio na mizani hupima kwa futi: urefu wa bampa ya nyuma ya pikapu kutoka ardhini kabla ya gari kupanda, kisha baada ya kupanda. Bampa ikizama kidogo, sawa. Isipozama, gari lisogezwe mbele, upana wa kiganja, kisha lipimwe tena. Mahali panapofaa pakipatikana, wanapiga mstari wa rangi sakafuni, au wanachomelea kipande cha chuma, ili safari zote zijazo gurudumu la mbele lisimame hapo hapo. Ukiona tela lenye mstari wa namna hiyo uliofutika na kupakwa upya, jua limo mikononi mwa watu makini.

Mstari huo nao haufai kwa kila gari. Porsche 911 za zamani, zinazoonekana sana kwenye Safari ya magari ya kale, East African Safari Classic, injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiipandisha kwa pua kama magari mengine, uzito wote umeutupa mkiani. Wapo wanaoipandisha kinyumenyume, na wapo wanaoisukuma mbele zaidi kuliko kawaida. Na gari lililoshuka zima linaweza kurudi bila gurudumu na bila bampa, matairi ya akiba yaliyokuwa mbele ya tela yakiwa yametumika. Hesabu ya kwenda siyo ya kurudi, na fundi mzuri hupima upya hata kama usiku umeingia na kila mtu anataka kulala.

Kisha kuna mteremko. Kutoka nyanda za Limuru kushuka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia walioacha pia kanisa dogo pembeni mwaka 1942, lami inaporomoka kona baada ya kona. Tela nyingi ndogo zina breki zinazojifunga zenyewe: pikapu ikipunguza mwendo, tela linaisukuma, na msukumo huo kwenye ndoano ndio unaovuta breki. Kwenye barabara tambarare ni ubunifu wa ajabu kwa wepesi wake. Kwenye mteremko mrefu, tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinasugua muda wote, zinapata moto na kuanza kulegea. Dereva mzoefu huteremka kwa gia ndogo na mwendo wa chini tangu juu, hasubiri kona ya kwanza imfundishe. Akifika chini husimama, huzunguka tela na kukaribisha kiganja kwenye kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kupita wenzake, breki imeng'ang'ania au beringi imeanza kufa.

Lori halina mkia wa kupunga. Ni mwili mmoja, linarudi nyuma bila kujikunja, na kwenye mteremko lina breki ya ekzosi inayolizuia bila kuchosha breki za magurudumu. Lina nafasi ya sanduku la vipuri, jenereta, jeki na turubai, na utingo anaweza kusafiri na vyote hivyo bila gari la pili. Gharama yake ni kimo. Sakafu ya lori la kawaida iko karibu mita moja juu, na gari likikaa huko kitovu cha uzito kinapanda. Kona ambayo tela lingeipita kwa utulivu, lori huipita likiinama. Dereva wa lori kama hilo hupunguza mwendo kabla ya kona, kamwe si ndani yake.

Na kulipandisha gari huko juu ni kazi. Lori lenye sakafu inayolala na winchi hurahisisha mambo, lakini wengi wana lori la kawaida, na wao hutafuta ukingo. Nimeona dereva akizunguka uwanja mzima kwa miguu, akipiga udongo kwa kisigino, akichagua tuta lenye kimo cha sakafu na uimara wa kubeba gari. Kisha analirudisha lori mpaka ubao wa nyuma uguse udongo, huku utingo akiita, "Leta, leta, kata kulia kidogo, shika hapo!" Mbao mbili zinaziba mwanya uliobaki, na gari linaingia kana kwamba linaingia gereji. Hakuna mashine iliyotumika, ila jicho.

Ulaya nako walilipigania swali la kimo. Mwaka 1955 Mercedes-Benz walikuwa na lori moja la buluu, lenye injini ya gari la michezo la 300 SL, lililobeba gari moja la mashindano kwa mwendo uliofika kama kilomita 170 kwa saa. Kasi hiyo ndiyo inayosimuliwa, lakini mimi hulipenda kwa jinsi lilivyo fupi kwa kimo, gari likiwa limelala chini mgongoni mwake. Lilivunjwa mwaka 1967, na baadaye kampuni ikalijenga upya kutokana na picha na kumbukumbu. Timu ya Ecurie Ecosse ya Scotland, iliyoshinda Le Mans mwaka 1956 na 1957, ilijengewa lori la Commer la kubeba magari matatu, mawili juu na moja chini, pamoja na mahali pa mafundi kufanyia kazi. Mwaka 2013 lori hilo liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Sioni ajabu. Aliyelichora alifikiria kila kiungo cha kazi.

Liwe lori au tela, yote huishia kwenye mikanda. Ukifunga bodi ya gari la rali, shokapu zake ndefu zitakusaliti: gari likipita tuta, bodi inazama, mkanda unalegea, kisha bodi inainuka kwa kishindo na kuuchana mkanda au kuung'oa. Kwa hiyo hufungwa magurudumu. Mkanda unapita juu ya tairi, unakazwa mbele na nyuma, tairi linakuwa limeshikwa huku bodi ikiachwa ipumue juu ya springi zake. Kabari zinawekwa mbele na nyuma ya magurudumu, maana breki ya mkono ya magari haya ni ya kupigia kona, haikuundwa kushikilia gari lililosimama. Mkanda mrefu unaopita wazi kwenye upepo hupewa msokoto mmoja, usitetemeke na kujikata. Baada ya kilomita chache za mwanzo wanasimama na kukaza tena, kwani kila mkanda mpya hulegea kidogo ukishaonja barabara.

Kwa Nairobi na Naivasha, ningechagua tela kwa dereva anayelijua, na ningemlipa vizuri. Kwa safari ya mbali, kwenda rali ya Pearl of Africa kule Uganda au Mountain Gorilla Rally kule Rwanda, ningechagua lori bila kusita. Tela la Kenya lina namba yake ya usajili inayoanza na Z, na makaratasi yake, kwa hiyo mpakani unapita na vyombo vitatu badala ya viwili. Halafu kuna safari ya kurudi. Gari lililovunjika mkono wa gurudumu halisukumiki. Linahitaji winchi, ubao wa kuteleza chini ya upande uliolala, na watu wanne wa kuliongoza taratibu. Kwenye lori lenye winchi kazi hiyo inawezekana hata gizani, kwenye matope, baada ya siku tatu bila usingizi. Na katika rali za kwetu, kurudi namna hiyo ni jambo la kutegemea.