Sasisho Linapogombana na Kinga: Somo la Kompyuta Iliyotoka Goziba

Dalili huwa zinafanana. Windows inapakua sasisho, inajiwasha upya, asilimia zinapanda hadi karibu na mia, kisha skrini inaandika kwamba imeshindikana na mabadiliko yanaondolewa. Kompyuta inawaka, kazi inaendelea, na kesho yake mchezo unaanza upya. Hali ikiwa mbaya zaidi haiwaki kabisa. Inazunguka, inajizima, inazunguka tena. Mwenye kompyuta akiwa Bukoba mjini ataibeba hadi kwa fundi siku hiyohiyo. Akiwa Goziba, kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba, mbali ndani ya Ziwa Victoria, ataifunga kwenye nailoni, aipakie kwenye boti na kuanza kusubiri.

Na mara nyingi jibu analopewa ni moja: tupige Windows upya. Nalipinga jibu hilo waziwazi. Kupiga Windows upya kunaficha chanzo, kunafuta mahesabu ya watu ambao hawana nakala nyingine, na baada ya mwezi tatizo hurudi kwa sababu programu zilezile zitawekwa tena kutoka kwenye flashi ileile. Pia mteja atalazimika kupakua masasisho yote tangu mwanzo, na kisiwani kila kitu kinachopakuliwa kinakula bando. Ugomvi kati ya sasisho na programu ya kinga unatibika, mradi mtu ajue unatokea wapi.

Programu ya kuzuia virusi au programu jasusi haikai juu ya mfumo kama ile ya kuandikia barua. Inaweka dreva yake ndani ya keneli, kule chini kabisa ambako Windows inaongea na diski na kumbukumbu. Kila faili linalofunguliwa, kuandikwa au kubadilishwa jina linapita kwanza mbele ya dreva hiyo. Sasa tazama sasisho la mfumo linafanya nini: linafungua mafaili ya mfumo kwa wingi, linaandika mapya juu ya ya zamani, linabadilisha rejistri na kupanga kazi zitakazofanyika kompyuta ikiwaka tena. Kwa programu iliyofundishwa kuwatilia shaka wavamizi, mwenendo huo unafanana mno na uvamizi. Inalishika faili ili ilichunguze, sasisho linakuta faili limeshikwa, na Windows inatoa namba ya kosa 0x80070020, maana yake faili linatumiwa na programu nyingine. Fundi akiiona namba hiyo, mtu wa kwanza wa kumuuliza maswali ni programu ya kinga.

Si jambo geni. Desemba 2004 Microsoft ilinunua kampuni ya GIANT iliyokuwa na programu ya kupambana na programu jasusi, na Januari 2005 ikaitoa kwa majaribio kwa jina la Microsoft AntiSpyware, mama wa Defender ya leo. Februari 2006 programu hiyo ilipokea orodha mpya ya vitambulisho, ikaiona programu ya kinga ya Symantec kwenye kompyuta za maofisini kuwa mwizi wa nywila, ikafuta taarifa zake kwenye rejistri. Kinga ikaivunja kinga. Tarehe 21 Aprili 2010 yakatokea makubwa zaidi. McAfee ilisambaza faili la vitambulisho namba 5958, nalo likalitambua svchost.exe la Windows XP SP3 kuwa kirusi. Bila svchost.exe huduma nyingi za Windows haziendi, kwa hiyo kompyuta zikawa zinajizima na kuwaka bila kukoma, na zilizowaka zikakosa mtandao. Dawa ilikuwepo mtandaoni, lakini mgonjwa hakuweza kuifikia. Ilibidi mtu mwenye mikono afike kwenye kila mashine.

Kisa kinachowahusu zaidi watu wa visiwani, kwa maoni yangu, ni cha Januari 2018. Udhaifu wa Meltdown na Spectre kwenye vichakataji ulipotangazwa, Microsoft ilitoa sasisho lililobadilisha namna keneli inavyotenga kumbukumbu. Baadhi ya programu za kuzuia virusi zilikuwa zimezoea kuingia kwenye kumbukumbu ya keneli kwa njia ambazo hazikuruhusiwa. Sasisho lilipobadilisha ramani, programu hizo zikawa zinakanyaga mahali pasipo na sakafu, na kompyuta ikaishia kwenye skrini ya bluu. Microsoft ikaamua kwamba sasisho halitafika kwenye kompyuta mpaka programu ya kinga iandike alama maalumu kwenye rejistri, kama ushahidi kwamba imejirekebisha. Kinga iliyopitwa na wakati, isiyopokea chochote kutoka kwa mtengenezaji wake, haikuandika alama hiyo. Kwa hiyo kompyuta yake haikupata sasisho la mwezi ule wala la uliofuata, na wala haikupiga kelele. Masharti hayo yaliondolewa kwa Windows 10 Machi 2018, lakini funzo limebaki: kinga iliyokufa inaweza kuzuia masasisho kimyakimya huku mwenye kompyuta akiamini analindwa.

Aprili 2019 masasisho ya Windows 7 na 8.1 yalizigandisha kompyuta zenye Sophos, Avast, Avira, ArcaBit na McAfee, na Microsoft ikalazimika kuyazuia kwa baadhi ya kompyuta hizo. Kisha ikaja 19 Julai 2024. Siku ile halikuwa sasisho la Windows. Lilikuwa faili la CrowdStrike, kampuni nyingine ya kinga, namba 291. Dreva ya kinga ilitarajia vipengele 20 vya taarifa, faili likaja likitaka cha 21, dreva ikasoma nje ya mipaka yake na keneli ikaanguka nayo. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa hesabu ya Microsoft kompyuta takriban milioni 8.5 zilikuwa zimeshaathirika. Aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa McAfee mwaka 2010, George Kurtz, ndiye aliyekuwa akiiongoza CrowdStrike mwaka 2024. Na kama ilivyokuwa 2010, ilibidi mtu afike kwenye mashine; safari hii aiwashe katika hali salama, afute faili moja kwa mkono.

Tuje kwenye kompyuta yenyewe. Ilitoka Goziba, ya mfanyabiashara wa dagaa ambaye humo ameandika nani amechukua nyavu kwa mkopo, nani amelipa, mzigo gani umeondoka mwaloni. Ilikuwa ikiwaka mara moja kati ya kadhaa. Kazi ya kwanza haikuwa kutengeneza chochote. Ilikuwa kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine na kunakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje. Fundi anayeanza matibabu kabla ya kunakili anacheza na riziki ya mtu.

Baada ya hapo ikawashwa katika hali salama, ile mafundi wanaiita sefu modi. Ukiizima kwa kitufe mara tatu mfululizo wakati inajaribu kuwaka, Windows yenyewe inafungua ukurasa wa ukarabati. Unapita kwenye chaguo za hali ya juu mpaka mipangilio ya kuwaka, kisha unabonyeza 4. Hapa kuna mtego: kama diski imefungwa kwa BitLocker, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, na watu wengi hawajui kwamba wanao. Aghalabu unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Mwulize kabla boti haijarudi kisiwani.

Chombo kilichotoa siri ni kimoja ambacho mafundi wetu wengi hawakigusi. Andika perfmon /rel kwenye kisanduku cha kutafutia, utafunguka ukurasa wenye mstari wa siku na alama nyekundu penye ajali. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu ni usiku wa saa mbili au saa tatu. Alama nyekundu za kompyuta hii zilikuwa zimejipanga siku chache baada ya Jumanne hizo, mwezi baada ya mwezi, zikianza muda mfupi baada ya programu mpya ya kupambana na programu jasusi kuwekwa kutoka kwenye flashi ya rafiki. Amri ya pili ilithibitisha. Ukifungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika fltmc filters, Windows inakuorodheshea madreva yanayochuja mafaili, kila moja na namba ya kimo chake. Yale ya kuzuia virusi huwekwa kati ya 320000 na 329998. Ya Defender yenyewe, WdFilter, ni 328010. Katika eneo hilo kulikuwa na madreva ya kampuni mbili tofauti: moja ilikuja na kompyuta kama toleo la majaribio na muda wake ulikwisha zamani, ya pili ndiyo ile ya rafiki. Zilikuwa kama nyavu mbili zilizotegwa kwenye mkondo mmoja, zimeshikana.

Kuziondoa kwa njia ya kawaida kunaweza kugoma ndani ya hali salama, kwa sababu huduma ya Windows inayosimamia uondoaji wa programu nyingi huwa imelala huko. Ndiyo maana kampuni kubwa za kinga hutoa programu ndogo ya kufagia mabaki yao yote, na hiyo ndiyo ya kutumia. Zilipotoka, ikafuata DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ili kurekebisha ghala la mafaili ya mfumo, kisha sfc /scannow ili kurudisha yaliyoharibika. Folda ya SoftwareDistribution, ambamo Windows huweka vipande vya masasisho, ikabadilishwa jina baada ya huduma ya masasisho kusimamishwa, ili vipande vibovu visitumike tena. Sasisho likaingia. Defender ikaamka yenyewe, kwa kuwa haikuwa na mpinzani tena.

Nisimame kwenye hilo. Kwa kompyuta ya kazi za kawaida kisiwani, Defender inatosha. Haina malipo, haiishiwi muda wa majaribio, na hujaribiwa na mtengenezaji yuleyule anayetoa masasisho ya mfumo, kwa hiyo nafasi ya kugombana ni ndogo. Anayetaka kinga ya kampuni nyingine, anunue moja na alipe kila mwaka. Kuongeza ya pili juu yake hakuongezi usalama.

Kwa fundi aliye Bukoba au Muleba kuna njia ya kumpunguzia mteja safari. Masasisho ya kila mwezi hupatikana kwenye katalogi ya Microsoft kama mafaili ya .msu. Pakua sasisho la mwezi kwenye mtandao mzuri wa mjini, uliweke kwenye flashi pamoja na programu za kufagia kinga za kawaida, na umpe mtu wa boti. Kumbuka tu kwamba Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitumba zinazofika kwetu bado zinaitumia, na kwa hizo inabidi kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza au kuhamia Windows 11 kama mashine inaruhusu.

Ndugu yangu wa Goziba, kabla hujaipakia kompyuta kwenye boti, andika kwenye karatasi mambo haya na uiweke ndani ya mkoba wake: ilianza kusumbua lini, programu gani ya mwisho iliwekwa, na skrini ilionyesha namba gani. Na ukifika kwa fundi, usikubali ipigwe Windows upya kabla hajakuonyesha mafaili yako yakiwa salama kwenye diski nyingine.